Siku nne Moshi bila kupanda mlima: twende wapi na familia?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma. Mwaka huu tumejipanga kuja Moshi kwa mara ya kwanza. Tutafika tarehe 27 Desemba jioni kwa gari letu dogo na kuondoka alfajiri ya tarehe 1 Januari. Tuko sita: mimi na mke wangu, watoto watatu wa miaka 16, 12 na 7, pamoja na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Kupanda Kilimanjaro hatuna muda wala fedha. Wenzangu kazini wananiambia kwenda Moshi bila kupanda mlima ni kupoteza mafuta. Je, kwa siku nne tunaweza kuona nini cha maana, na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na karibuni sana Moshi. Wenzako hawakusudii mabaya, ila hawajakushauri vizuri. Kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani na vijijini, na nakwambia wazi kwamba anayekuja kupanda Kilimanjaro huiona Moshi kidogo kuliko mgeni mwingine yeyote. Anafika usiku, analala, kesho yake yuko getini. Anakaa siku tano au sita akitazama visigino vya aliye mbele yake, akishuka anaoga, analala na kuondoka. Soko hajaliona, kihamba (shamba la Kichagga la migomba na kahawa) hajakiingia, kahawa ya mlimani kainywa kwenye kikombe cha hoteli. Ninyi mna siku nne za kukaa huku chini ambako watu wanaishi na kulima. Zinatosha, kwa sharti moja: kila siku elekeeni upande mmoja tu. Familia nyingi zinazokuja wakati wa sikukuu zinataka Materuni, Marangu na Chemka kwa siku moja, na jioni watoto wanakumbuka vumbi na foleni ya Himo.

Kabla ya kukupangia siku, nikueleze jinsi ya kuutazama mji wenyewe, maana ukilielewa hili kila utakachokiona kitakuwa na maana zaidi. Karibu kila kivutio cha Moshi kimeletwa na maji ya mlima. Maporomoko ya Materuni, mifereji inayokatiza kwenye migomba, chemchemi za Chemka, msitu wa Rau ulio karibu na mji, hata Ziwa Chala mpakani na Kenya, vyote vinakula kwenye mfuko mmoja. Wageni wengi hudhani maji hayo ni theluji inayoyeyuka pale juu. Sivyo. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, imepungua sana, zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na mchango wake kwenye mito yetu ni mdogo mno. Maji yanatoka msituni. Upande wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiko mvua inakonyesha kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima. Msitu unaipokea, unaipitisha polepole ardhini, kisha inaibuka huku chini kama mito na chemchemi. Mwambie hivyo huyo wa miaka 12 mkiwa chini ya maporomoko na atakumbuka kuliko darasani. Nadhani ndiyo sababu hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, ilipanuliwa baadaye hadi kuukumbatia msitu wote.

Sasa Desemba. Mnakuja wakati Wachagga wa nchi nzima wamerudi nyumbani. Ni wakati mzuri, vijiji vimechangamka, kila boma lina moshi wa nyama, lakini vyumba vya kulala mjini vinajaa na bei zinapanda. Lipieni malazi mapema, na mchague mjini badala ya Marangu, kwa kuwa mjini mko katikati ya njia zote. Barabara ya kutoka Moshi kwenda Himo hubana kuanzia asubuhi ya saa tatu, na barabara za kupandia vijijini ni nyembamba, zimejaa magari ya wenyeji wanaoijua kila kona. Wewe huijui, basi endesha taratibu, piga honi kwenye kona, na ukisimama tafuta mahali pa kupisha wenzako. Mvua za vuli kwa kawaida zinakuwa zinaelekea kwisha, ila mchana mawingu hupanda na manyunyu hayashangazi.

Mawingu hayo ndiyo yanayowanyima wengi kuuona mlima. Watu wanakaa siku tatu Moshi na kuondoka wakilalamika kwamba hawakuiona Kibo. Ukiwauliza, walikuwa wanaamka saa mbili. Amkeni saa kumi na mbili kasoro, tokeni nje au pandeni ghorofani. Kabla jua halijapanda sana Kibo huwa wazi, na upande wa mashariki Mawenzi, kilele cha pili, chenye meno. Saa tatu au nne wingu linafunga, na mara nyingi linafunguka tena jua likikaribia kuzama. Mkitaka kuuona mlima wote kuanzia chini hadi juu, chukueni barabara ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, kusini mwa mji, asubuhi hiyo hiyo. Huko mko kwenye tambarare, migongo yenu iko kwenye miwa, na mbele hakuna kinachozuia macho. Kwa mama ambaye hawezi kutembea sana, hiyo ni safari fupi isiyomtoa hata jasho.

Tarehe 28, siku yenu ya kwanza, nendeni Chemka. Ningependa kuiweka baada ya Marangu, miguu ikiwa imechoka, ila kadiri mwaka mpya unavyokaribia ndivyo panavyojaa vijana, muziki na chupa. Watu wengine hupaita Kikuletwa. Mnatoka Moshi kwa barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, mnakata kushoto kuelekea Rundugai, na kuanzia hapo ni barabara ya vumbi katikati ya nyika kavu. Gari dogo linafika kipindi cha ukavu ukienda kwa subira; kama mvua imenyesha usiku, liacheni Boma Ng'ombe na mkodi gari la juu au bajaji za wenyeji wanaoijua njia. Utaendesha ukijiuliza maji yatatoka wapi kwenye ukame ule, mpaka uione mikuyu mikubwa imesimama pamoja, na chini yake dimbwi la rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, angavu hadi mchanga wa chini unaonekana. Wengi huziita chemchemi za maji moto, lakini mtoto asitegemee moto. Ni ya uvuguvugu, ya kukaa ndani saa nzima bila kutetemeka. Ukitulia ukingoni na miguu majini, visamaki vidogo vinakuja kukudonoa nyayo.

Hapo nataka unisikilize kama mzazi. Maji yanayoonekana hadi chini hudanganya kina, na kutoka kwenye mizizi ya ukingo unaweza kuingia moja kwa moja mahali ambapo mtu mzima hasimami. Wa miaka 7 avae boya muda wote, hata kama anajua kuogelea, na mtu mzima mmoja awe majini naye, si juu akipiga picha. Kuna kamba ya kubembea na kurukia majini. Wa miaka 16 ataitaka. Mwache aruke baada ya kuangalia wengine wanapotua, na asiruke kwa kichwa. Fikeni saa mbili na nusu asubuhi, ondokeni saa sita umati unapoingia. Mama atakaa kivulini kwenye mkeka, apewe chai ya chupa, na nina hakika hatataka kuondoka. Chakula bebeni wenyewe, na mabaki yote mrudi nayo, kwa sababu maji yale yakitoka hapo yanakwenda kwa watu wa chini wanaoyanywa na kunyweshea mifugo.

Tarehe 29 ni Materuni, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Materuni iko Uru, juu ya mji, mwendo wa nusu saa hadi dakika arobaini na tano kwa gari. Barabara inapanda moja kwa moja, na kila kilomita hewa inabadilika: mjini mmeacha joto, huku juu unatafuta sweta. Mkifika mtajiandikisha na kulipa ada ya kijiji, na mtapewa kijana wa kuwaongoza. Usimkwepe ili kuokoa pesa. Njia yote inapita kwenye mashamba ya watu, na yeye ndiye anayejua ni kwa nani mnapita na mnasalimiaje. Lipeni ofisini, dai risiti, na mwisho wa safari mpeni kijana chake mkononi. Huko mjini, hasa karibu na stendi, mtakutana na vijana wanaotaka kuwauzia safari hiyo hiyo kwa bei ya mgeni wa ulaya. Mkatalie kwa upole, kwa Kiswahili chako cha Dodoma, na yataisha.

Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita katikati ya vihamba. Mwambieni kijana atembee polepole, maana watoto wa siku hizi hupita kihamba mbio kama uchochoro. Msimame kwenye kimoja na mtazame kwa ngazi. Juu kuna miti mirefu ya kivuli. Chini yake migomba ya aina nyingi, mingine ya mtori, mingine ya kuchoma, mingine ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya mifugo. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Ukingoni mwa shamba utaona masale, mmea wenye majani marefu membamba, ndio mpaka na ndio alama ya amani. Mtu aliyekosea akija na sale mkononi ni vigumu kumfukuza. Na katikati ya yote kuna mfereji. Mifereji hii ilichimbwa kwa mikono na mababu, ikafuata mteremko wa kilima kwa hesabu ya macho tu, na mpaka leo kuna zamu za kufungulia maji na kuna lawama kwa anayeiba zamu. Mhandisi yeyote akiitazama atavua kofia.

Maporomoko yenyewe yanaanguka kutoka kwenye genge la karibu mita 80. Mnayasikia kabla ya kuyaona, na mkikaribia mnalowa kwa mvuke hata kama hamkukusudia. Maji ni ya baridi kali. Vijana huingia dimbwini na kutoka wakipiga kelele, nanyi mnaweza, ila msisimame moja kwa moja chini ya maji yanapoangukia, na mkiona rangi yake inageuka kahawia au sauti inaongezeka, tokeni wakati huo huo bila kujadiliana: mvua imenyesha juu msituni na maji yanakuja. Mawe yana utelezi wa ukoga wa kijani, kwa hiyo vaeni viatu vyenye meno, si ndala. Kwenda ni dakika arobaini hadi saa nzima kwa mwendo wa mtoto, na kurudi kuna kupanda.

Mama asiende huko. Siyo mbali, lakini kuna mahali njia inashuka kwa vidaraja na udongo unaoteleza, na goti bovu halipendi kushuka. Yeye abaki kwenye boma mtakakonywea kahawa, na kusema kweli yeye ndiye atakayefaidi. Kwa kawaida mavuno huanza katikati ya mwaka na kufikia mwisho wa Desemba miti mingi imeshachumwa, ila wenyeji huweka kahawa kavu yenye ganda kwa ajili ya kunywa na kwa ajili ya wageni. Inamwagwa kwenye kinu, inatwangwa kidogo kidogo huku watu wakiimba na kupiga makofi ili mchi usipoteze mwendo. Inapepetwa kwenye ungo, ganda linaruka, zinabaki punje za kijivu zenye kijani. Zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni tatu, zikikorogwa bila kupumzika. Baada ya muda zinaanza kulia, tak, tak, na moshi wake unabadilika kutoka harufu ya nyasi hadi harufu ya mkate ulioungua kidogo. Hapo ndipo wazee wanatofautiana: mmoja anasema toa, mwingine anasema bado. Zinarudi kinuni, zinatwangwa kuwa unga, zinachemshwa na kuchujwa. Kutoka ganda hadi kikombe ni kama saa moja. Mpeni wa miaka 16 mchi autwange mwenyewe.

Kahawa hiyo ndiyo iliyoujenga mji mtakaolala. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wenyeji walipoona walowezi hawapendi Mwafrika alime zao hilo, walijiunga mwaka 1925 katika chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe barani Afrika. Jengo lake liko katikati ya mji, na mnada wa kahawa ya Tanzania umekuwa ukifanyika hapa Moshi kwa miaka mingi. Kwa mwalimu mwenye watoto watatu, naona hili lina uzito kuliko picha ya maporomoko.

Tarehe 30 mtagawanyika. Wewe na wakubwa wawili mtaingia mlimani kwa siku moja, na mke wako, mama na mdogo watakaa Marangu.

Ndiyo, unaweza kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro bila kupanda kileleni. Kutoka Lango la Marangu, lililo kwenye mita 1,800 na ushei, mnatembea ndani ya msitu hadi kituo cha Mandara kwenye mita 2,720. Ni kama kilomita 8, saa tatu kwenda kwa mtu wa kawaida na saa mbili kurudi. Mwongozaji aliyesajiliwa ni lazima, hata kwa siku moja. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, mradi uje na kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fedha taslimu hazipokelewi getini; mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kwenye simu, basi wekeni salio na chaji ya kutosha. Tokeni Moshi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili mwanze kutembea kabla ya saa tatu.

Mkiwa njiani, mwendo uwe ule tunaouita pole pole, na usidhani ni kauli ya kuwafurahisha wageni. Ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Kwenye matawi tazameni mbega, mweusi mwenye mgolole mweupe na mkia wa singa. Anarukia mti hadi mti kimya kabisa, na mara nyingi unamtambua kwa tawi linalotikisika bila upepo. Pembeni mwa njia, mahali penye unyevu, inameni mtafute ua dogo jekundu lenye njano, lililopinda nyuma kama mkonga mdogo. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na haliko popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Watu hulipita kwa maelfu wakitafuta kilele. Kadiri mnavyopanda matawi yanaota nyuzi ndefu za kijani hafifu, na ukiziminya asubuhi zinatoa maji: huo ndio msitu ninaosema unaokota mvua na ukungu.

Mkifika Mandara mkapata nguvu, ongezeni robo saa hadi Maundi, kasoko (shimo la volkano) ndogo ya zamani iliyoota nyasi. Pakiwa wazi mnaona Mawenzi na Kibo juu, na Kenya huko chini mashariki. Saa saba muwe mmeanza kushuka. Urefu huo hausumbui wengi, lakini akianza mmoja kuumwa kichwa na kutapika, mnashuka, hakuna cha kumalizia. Bebeni koti la mvua, sweta, maji lita mbili kila mmoja na viatu ambavyo miguu imeshavizoea. Mdogo mwacheni. Saa tano za kutembea ni nyingi kwa miaka 7, na kupanda kilele chenyewe kuna umri wa chini wa miaka 10, kwa hiyo mwambieni zamu yake ipo.

Watakaobaki Marangu wasijione wameachwa. Karibu na Marangu Mtoni kuna maporomoko ya Kinukamori, mafupi kuliko ya Materuni lakini yanayofikika kwa hatua chache. Mama anaweza kuyatazama kwa juu bila kushuka ngazi, na mdogo akashuka na mama yake. Mwenyeji atawasimulia kisa cha binti Makinuka aliyekuja kwenye genge hilo na aibu yake, na chui aliyemkuta hapo. Msikilizeni mpaka mwisho, kila msimulizi ana namna yake. Kuna pia mahandaki yaliyochimbwa na Wachagga ili kuficha watu na mifugo wakati wa vita. Mdogo atayapenda, mama ayatazame mlangoni tu, ndani unatembea umeinama. Mchana wale mtori au machalari, vyakula vyetu vya ndizi, mahali popote penye wenyeji wengi. Na kama mtu ataulizia historia, Marangu ndiko alikotoka Yohani Kinyala Lauwo, kijana anayekumbukwa kwa kuuongoza msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, mwaka 1889.

Tarehe 31 msiende mbali. Asubuhi ingieni msitu wa Rau, ambao uko pembezoni mwa mji, umezungukwa na nyumba na mashamba ya mpunga. Ni tambarare, ndiyo sababu nimeuweka kwa ajili ya mama pia. Unaishi kwa maji ya ardhini, na una mivule mizee ambayo mkishikana mikono wote sita huenda msiuzunguke mmoja. Kuna pia msoo, mti adimu sana. Mwongozaji mtampata mkiingia. Watoto wanaweza kukodi baiskeli. Pakeni dawa ya mbu, msitu ni wa unyevu.

Mchana gawanyeni mnavyotaka. Mke wako akitaka soko, Mbuyuni ni pa chakula na Kiboroloni ni pa mitumba, na kwenye mitumba ya Kiboroloni mwenye subira anatoka na koti ambalo dukani asingelimudu. Huyo wa miaka 16, kama anasoma historia, mpandishe Old Moshi kwenye eneo la Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko. Wajerumani walimnyonga hapo tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaelezwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi na hawajakipata. Ni mahali padogo, hapachukui saa moja. Kwangu mimi kijana wa Kitanzania akija Moshi na kuondoka bila kulisikia jina hilo, tumemnyima haki yake.

Ziwa Chala nimeliacha makusudi. Ni zuri mno, shimo la volkano lenye maji ya kina cha zaidi ya mita 90, na kuna perege ambaye asili yake ni humo tu. Lakini kushuka kwake ni kwa mwinuko mkali, mama hataweza, na watoto waliozoea Chemka watataka kuogelea. Chala pana mamba, na mtu ameshapoteza maisha. Njooni siku nyingine watoto wakiwa wakubwa, mtembee ukingoni.

Mkiondoka tarehe 1, safari yenu ya Dodoma inapitia Arusha. Badala ya kuondoka alfajiri na kupita moja kwa moja, ningelala Arusha usiku mmoja kama fedha inaruhusu, na mchana wake ningeutumia Hifadhi ya Arusha. Njia yake inakatia kulia karibu na Usa River. Iko chini ya Mlima Meru, ilianza mwaka 1960, na ni ndogo kiasi kwamba nusu siku inatosha: twiga na nyati kwenye uwanda wa mwanzo, mbega msituni, kasoko ya Ngurdoto ambayo mnaitazama kwa juu tu, kisha maziwa ya Momella ambako heroe (flamingo) hukusanyika majini. Mama ataona wanyama akiwa amekaa kwenye kiti chake. Getini waulizeni askari hali ya barabara kabla hamjaingia na gari dogo, na kama watasema sehemu ya Momella ina tope, ishieni uwandani na Ngurdoto. Malipo ni kwa utaratibu ule ule wa Marangu, vitambulisho vile vile. Mkitoka kabla ya saa kumi na moja mtafika Arusha mjini kabla ya giza.